Machicha ya Pombe Yanaweza Kuwa Plastiki. Ng'ombe Je, Atakula Nini?

Jioni moja nilikaa kwenye kilabu cha malwa pale Walukuba, mjini Jinja. Chungu kilikuwa katikati, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, na mama mwenye kilabu akipita na birika kuongeza maji ya moto kila pombe ilipopungua. Malwa ni pombe ya ulezi, nayo hainywewi bila mrija wenye kichujio nchani, la sivyo utameza makapi. Watu walipoanza kuondoka nilichungulia chunguni. Pombe ilikuwa imekwisha, yamebaki machicha.

"Mama, haya unayatupa wapi?"

"Nitupe?" Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, nikiyatupa nguruwe wangu wale nini?"

Nimeanza na jibu lake kwa makusudi. Siku hizi zinazungumzwa sana habari za bakteria wanaoweza kugeuza mabaki ya viwanda vya bia kuwa plastiki inayooza, na karibu kila maelezo huanza na neno "taka". Sayansi yenyewe ni ya kweli, wala si mpya. Mimi nina shaka na lile neno la kwanza. Ukilichunguza vizuri, utajua kwa nini plastiki hiyo bado haijafika dukani, na kama ingetengenezwa Uganda, ingefaa itokane na nini hasa.

Tuanze na pombe yenyewe. Kiwandani mambo ni yale yale ya Walukuba, ila chungu ni cha chuma na kina urefu wa ghorofa. Nafaka hulowekwa ikachipua, kisha ikakaushwa, na hicho ndicho kimea. Kimea husagwa, kikachanganywa na maji ya moto, na wanga uliomo ukageuka sukari. Maji hayo matamu (Mtanzania akiyaonja atasema ni togwa) huchujwa, yakachemshwa, yakatiwa chachu. Kwenye chujio hubaki maganda, nyuzi na protini ambayo haikuyeyuka. Kwa kila lita 100 za bia hubaki karibu kilo 20 za machicha mabichi, na kati ya hizo, kilo 15 au 16 ni maji.

Uganda ina viwanda viwili vikubwa vya bia. Uganda Breweries iko Luzira, jirani na gati la Port Bell, tangu mwaka 1946. Nile Breweries ilianza miaka ya 1950 huko Njeru, ng'ambo ya mto ukitokea Jinja. Tangu mwaka 2002 hiyo ya pili inatengeneza bia ya Eagle kwa mtama aina ya Epuripur unaolimwa na wakulima wa humu nchini, kwa hiyo machicha ya Uganda si ya shayiri peke yake. Viwanda kama hivi havimwagi machicha jalalani. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wa nguruwe wanayahitaji, na yasipochukuliwa upesi huchacha kwa siku chache tu katika joto letu, yakanuka mpaka jirani akaja kubisha hodi.

Upande wa pili wa habari ni kaveera, mfuko wa plastiki kama tunavyouita hapa. Serikali iliipiga marufuku kaveera nyembamba kuliko maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikarudia katazo lile lile. Rwanda ilikuwa imeshapiga marufuku yake mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Ukienda sokoni Kigali au Dar es Salaam utaona tofauti. Ukienda soko la Owino, Kampala, utafungiwa nyanya zako kwenye kaveera bila mtu kupepesa jicho. Mvua ikinyesha, mfereji wa Nakivubo unazibeba hadi ghuba ya Murchison, ambayo ndiyo hiyo hiyo mitambo ya Ggaba inavutia maji ya kunywa ya Kampala. Zisizofika ziwani zilikuwa zikipelekwa Kiteezi, kwenye lile jalala lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Kwa hiyo mtu akisema ana plastiki inayooza, hapa hatuna anasa ya kumpuuza.

Sasa, bakteria anaingiaje?

Mwaka 1926, mwanasayansi Mfaransa Maurice Lemoigne, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alieleza kitu alichokikuta ndani ya bakteria wa udongo aitwaye Bacillus megaterium. Kilikuwa akiba. Ng'ombe wa Ankole huweka mafuta, mhogo huweka wanga, na bakteria huyu huweka punje ndogo za kitu ambacho kemia hukiita polihidroksibutireti. Tukiite PHB kama wataalamu wenyewe wanavyofanya. Ni polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vinavyofanana, na ukiiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu inaganda kama plastiki, kwa sababu ni plastiki. Ndugu zake wote kwa pamoja huitwa PHA.

Kwa nini bakteria ajitengenezee plastiki? Mfikirie fundi aliyeletewa matofali, lori baada ya lori, lakini saruji haikuja. Hawezi kujenga, na matofali hayawezi kuachwa barabarani, basi anayapanga uani akisubiri. Matofali ya bakteria ni kaboni, inayotoka kwenye sukari, mafuta au asidi. Saruji yake ni naitrojeni, anayoihitaji kutengeneza protini na kujigawa. Kaboni ikiwa tele na naitrojeni ikikosekana, hawezi kuzaana. Anavichukua vipande vidogo vya kaboni mbili mbili, anaviunganisha viwili viwili, anavirekebisha kidogo, halafu anavitunga kama shanga kwenye uzi mrefu. Kazi yote hiyo inafanywa na vimeng'enya vitatu tu, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia. Siku njaa ikija, anautungua uzi na kula shanga moja baada ya nyingine.

Bingwa wa kazi hii ni bakteria aitwaye Cupriavidus necator. Akitunzwa vizuri tangini, asilimia 80 ya uzito wake mkavu inaweza kuwa PHB. Ni kama mtu wa kilo 70 ambaye kilo 56 kati yake ni kitambi. Ili kumwona alivyonona, watafiti humpaka rangi na kumtazama kwa hadubini, na rangi mbili zinazotumika sana zinaitwa Sudan nyeusi na Naili nyekundu. Sisi tunaoishi mahali mto Naili unapotokea ziwani tunaruhusiwa kutabasamu kidogo.

Kumtoa mafuta sasa. Bakteria hukaushwa, kisha PHB ikayeyushwa kwa klorofomu, au seli zikavunjwavunjwa kwa dawa ile ile iliyomo kwenye Jik ya kufulia, ambayo hula sehemu nyingine za seli na kuiacha plastiki. Kinachobaki baada ya kusafishwa ni unga mweupe usiotofautiana sana na unga wa muhogo kwa macho. Unayeyuka kwenye nyuzi joto 175 hivi. Ukizikwa ardhini, bakteria na kuvu wa udongo, ambao wamekula akiba za wenzao tangu zamani, hutoa vimeng'enya na kuutafuna mpaka ubaki maji na hewa ya ukaa. Kitu chembamba huisha kwa wiki au miezi, kinene huchukua zaidi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu neno "inayooza" limetumiwa vibaya sana madukani. Kuna plastiki iliyotokana na mimea lakini haiozi: Brazil wanatengeneza polithini, plastiki ile ile ya kaveera, kutokana na miwa, na polithini hiyo ukiitupa mtoni itakaa kama ile ya mafuta ya petroli, kwa kuwa kikemia ni kitu kile kile. Kuna PLA, ya wanga wa mahindi, inayooza vizuri ndani ya mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60, lakini ukiitupa ziwani hukaa muda mrefu sana. Na kuna ile iliyotiwa kemikali ya kuifanya ipasuke juani, ambayo haiozi bali inavunjika kuwa vipande visivyoonekana. Umoja wa Ulaya uliamua kuipiga marufuku mwaka 2019. PHA inatofautiana na zote hizo kwa sababu viumbe vya kawaida vya udongo na maji wanaifahamu kama chakula. Mfanyabiashara akikuuzia kaveera iliyoandikwa majani ya kijani, muulize ni ipi kati ya hizo. Mara nyingi hatajua, na hapo umeshapata jibu.

Tupige hesabu basi ya lita zetu 100 za bia. Kilo 20 za machicha zikikaushwa zinabaki kilo nne au tano. Karibu nusu yake ni sukari, lakini sukari iliyofungwa ndani ya nyuzi za maganda kama karanga ndani ya ganda. Kuifungua kunahitaji asidi hafifu na joto, halafu vimeng'enya, na ukizidisha moto zinazaliwa kemikali zinazowadhuru bakteria wenyewe. Tuseme tumefaulu kupata kilo moja ya sukari. Bakteria hutoa karibu theluthi moja ya uzito wa sukari kama plastiki, nyingine huila wapate nguvu za kuishi. Tuna gramu 300 na kitu. Kaveera ya gramu tano kila moja, hiyo ni mifuko 60 kutoka chupa 200 za bia. Si haba, lakini si ule muujiza unaotangazwa.

Tatizo lingine ni kwamba sukari ya maganda si ya aina moja. Kuna glukosi, na kuna nyingi ya aina ya zailosi, ambayo bingwa wetu necator kwa asili haili. Anayeila ni mwingine, Paraburkholderia sacchari, aliyepatikana kwenye udongo wa shamba la miwa huko Brazil. Mimi nikipita Kakira na kuona miwa ilivyojaa pande zote za barabara, huwa najiuliza ni nani anaishi chini ya udongo ule.

Lakini sukari ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni ya saruji. Machicha makavu yana protini kama asilimia 20, na protini ni naitrojeni. Yaani lori la matofali limekuja na saruji yake juu. Bakteria akipewa hayo yote hapangi matofali uani, anajenga. Anazaana kwa furaha na kunenepa hanenepi. Ili akubali kuweka akiba, inabidi protini itolewe kwanza, na hiyo ni hatua nyingine, gharama nyingine, tangi jingine. Na ukishaitoa protini, umebaki na kitu kisicho na faida kubwa kwa mfugo, kwa maana ng'ombe wa maziwa anayapenda machicha kwa ajili ya protini ile ile.

Ndiyo maana jibu la yule mama wa Walukuba naliona la kitaalamu kuliko alivyodhani yeye. Machicha yana mwenyewe. Mfugaji wa Mukono anayanunua leo, anayapeleka kwa pikapiki, na kesho asubuhi yamekuwa maziwa. Kiwanda cha plastiki kikiingia sokoni na kupandisha bei, ng'ombe atatafutiwa chakula kingine, huenda mahindi, ambayo na sisi tunayala. Hapo tutakuwa tumeokoa mfereji kwa kuongeza bei ya posho, ugali wetu wa mahindi. Sisemi haiwezekani kabisa. Nasema si taka, na mradi unaoanza kwa kuita chakula cha mtu taka utakutana na mwenye chakula njiani.

Kuna kitu kingine kiwandani, hata hivyo, ambacho hakuna ng'ombe anayekigombania: maji ya kuoshea. Kutengeneza lita moja ya bia hutumia lita kadhaa za maji, na sehemu kubwa hutoka ikiwa maji machafu: ya kusuuza matangi, ya kuosha chupa, bia iliyomwagika, chachu iliyokufa, sukari kidogo iliyobaki mabombani. Uchafu wake hupimwa kwa oksijeni itakayohitajika kuuteketeza, na kwa bia ni kawaida kukuta miligramu 2,000 hadi 6,000 kwa kila lita. Maji kama hayo yakiingia ziwani bila kusafishwa, viumbe vinavyoyala humaliza oksijeni na samaki wakabaki wakitweta. Kwa hiyo kiwanda kinalazimika kuyasafisha, kipende kisipende. Na yakitenganishwa na chachu, mengi ya maji hayo yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Matofali, bila saruji.

Mbinu yake ndiyo inayonifurahisha kuliko zote katika somo hili. Kwanza maji huachwa yachachuke kwenye tangi lisilo na hewa, sukari ikageuka asidi: ile ya siki na ndugu zake. Kisha hupelekwa kwenye tangi lenye tope la kawaida la mitambo ya majitaka, lenye bakteria wa kila kabila, hakuna aliyechaguliwa. Wanalishwa kwa wingi kwa muda mfupi, halafu wanaachwa na njaa kwa saa nyingi. Wanalishwa tena, wanafungishwa tena. Wanaofunga Ramadhani wanajua thamani ya daku. Bakteria aliyejiwekea akiba wakati wa shibe anavuka saa za njaa, asiyejiwekea anadhoofika. Baada ya wiki kadhaa za daku na saumu, tangi limejaa wawekaji akiba watupu. Hao ndio hutolewa, wakalishwa mfululizo mpaka wavimbe, kisha wakavunwa.

Faida yake ni kwamba hakuna haja ya kuua vijidudu kwenye kila bomba kwa mvuke, jambo linalokula umeme na pesa pale unapofuga bakteria wa aina moja tu. Na kwa kuwa katika zile asidi kuna ya propioni, shanga zinazotungwa si za aina moja, na plastiki inayotoka inakuwa laini kidogo. Hilo si dogo. PHB tupu ni ngumu na inavunjika kama biskuti. Kaveera ya PHB tupu ungeikunja mara moja ikapasuka mkononi.

Kasoro nazo zipo. Maji ni maji, huwezi kuyasafirisha kwa lori, kwa hiyo mtambo lazima uwe ukutani mwa kiwanda cha bia. Plastiki inayotoka leo haifanani sana na ya mwezi ujao, kwa sababu maji ya leo hayafanani na ya mwezi ujao. Halafu kuna mshindani mzito: gesi. Maji hayo hayo yakiachwa tangini bila hewa kwa muda zaidi yanatoa gesi ya kuchoma, na meneja anayeweza kuiunguza kwenye boila lake kuanzia mwaka huu atakuuliza kwa nini aifuate plastiki yenye hatua tatu zaidi.

Swali lake ni la haki, na historia iko upande wake. Kampuni ya Uingereza ya ICI iliivalia njuga PHA baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970, ikaipa jina Biopol, na mwaka 1990 chupa za shampuu za aina hiyo zikauzwa Ujerumani. Watu walizipenda. Bei haikuwapenda watu. Haki za Biopol zikahama kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hadi leo PHA hugharimu mara kadhaa ya bei ya polithini. Chakula cha bakteria peke yake kinaweza kula karibu nusu ya gharama, ndiyo sababu kila mtu anatafuta mabaki ya bure. Huko São Paulo walijaribu njia nyingine: mtambo wa majaribio ndani ya kiwanda cha sukari, sukari ikitoka jirani na moto ukitoka kwenye makapi ya miwa. Ukiniuliza mimi, anayetaka kujaribu Uganda afunge safari ya Kakira pia, kwenye kiwanda cha sukari, asiishie Luzira na Njeru.

Na asianze na kaveera. Kaveera ni kitu cha bei ya bure, na kushindana na kitu cha bure kwa kutumia kitu ghali ni kujitafutia presha. PHA imefanikiwa pale ambapo kuoza kwenyewe ndiko kunakolipiwa. Ndugu yake mmoja aliruhusiwa Marekani mwaka 2007 kutengenezewa nyuzi za kushonea vidonda ndani ya mwili, kwa maana hakuna anayetaka kufunguliwa tumbo mara ya pili ili nyuzi zitolewe.

Kwetu naona viriba. Kila msimu miche ya kahawa inakuzwa kwenye viriba vyeusi vya polithini, na siku ya kupanda kila kimoja kinapaswa kuchanwa. Mkulima mwenye haraka anavichana na kuviacha shambani, mwenye haraka zaidi anapanda mche na kiriba chake, mizizi ikajikunja humo ndani. Kiriba cha PHA kingepandwa kama kilivyo na udongo ukamalizia kazi.

Nilimweleza hayo mwenye kitalu mmoja barabara ya kwenda Kamuli. Alisikiliza vizuri, akakishika kiriba chake cha polithini, akakivuta kupima nguvu. "Mche wa robusta unakaa hapa miezi sita, pengine tisa," akasema, "na kila siku namwagilia. Hicho chako hakitaanza kuoza hapa hapa kitaluni, kabla mteja hajaja?"

Kinaweza kuanza, nilimwambia. Unene ndio wa kurekebisha: kizito kiasi cha kuvuka miezi tisa ya maji na kivuli, chepesi kiasi cha kumalizwa na mvua za msimu mmoja shambani. Akaniomba nimletee kumi ajaribu.